Ini Kwenye Koti la Watu

"Usinijibu 'ini' kana kwamba nimekuuliza jina la mboga! Nauliza linafanya nini kwenye koti la watu!"

"Linasafisha damu, mama."

"Sindano!"

"Si umeuliza linafanya nini?"

Mama Nyoosha alivuta pumzi hadi mishono ya aproni ikalalamika. Mikononi alikuwa na koti jeusi la mteja, amelishika mabegani na kulipanua kama muuza mitumba aliyekata tamaa. Nje koti halikuwa na kasoro. Balaa lilikuwa ndani. Kwenye bitana, upande wa kulia, lilikaa ini kubwa lililochorwa kwa kipande cha sabuni nyeupe, na kifuko cha nyongo kikichungulia chini yake. Upande wa kushoto ulikuwa moyo wenye vyumba vinne, na chini ya moyo, mahali ambapo waungwana huweka kalamu na kitambaa cha jasho, palikuwa na tumbo lililopinda vizuri kabisa.

"Hili koti ni la Kipaza," alisema Mama Nyoosha. "Anakuja kulichukua sasa hivi. Alasiri anasimamia harusi. Nimwambie nini? Kwamba tumemfulia koti tukamwongezea na utumbo?"

"Utumbo sijaufikia bado."

"Usinichekeshe! Sicheki!"

Kweli hakucheka, ingawa mdomo ulitaka kumsaliti kidogo. Mtaa mzima ulimwita Mama Nyoosha kwa sababu alinyoosha nguo, na kwa sababu alinyoosha watu vilevile. Mteja akileta shati lenye jasho la wiki, aliambiwa pale pale, mbele ya wenzake, kwamba maji ni ya bure mtoni. Binti yake aliitwa Sindano tangu utotoni: mwembamba, mrefu, na akisema jambo linachoma. Baba wa nyumba alikuwa dereva wa lori la masafa, na ugomvi wa namna hii kwa kawaida aliusikia kwa simu, akajibu "mh" kwa pande zote mbili.

Sababu ya ugomvi ilianzia mbali kidogo. Mwaka uliopita Sindano alifanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, akakosa. Hakukosa kwa mbali. Alikosa kama mtu anayefika stendi akaona basi linakata kona. Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Ukikosa tena, utafute kazi nyingine duniani, na zipo. Ila Sindano hakutaka nyingine. Tangu ana miaka saba alikuwa akifunga bendeji midoli, paka, na baba yake akilala.

Mama Nyoosha alikaa na jambo hilo, akalitafakari kwa akili yake ya mtu aliyesomea uhasibu chuoni hadi akapata diploma, akatoa hukumu: kosa ni la pasi. Mtoto alikuwa akipiga pasi nguo za wateja mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Angefaulu vipi? Yeye mwenyewe diploma yake aliipata maktaba, mahali ambapo ukikohoa unatazamwa vibaya. Basi mtihani wa marudio ulipokaribia akatunga sheria. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kupigia pasi, kikawa chumba cha kusomea. Meza ya pasi ikatolewa barazani. Redio ikanyamazishwa. Sindano akaapishwa asiguse pasi, beseni wala kamba ya nguo mpaka mtihani upite. Kazi yote ikamwangukia Mama Nyoosha, pamoja na bega lake la kulia ambalo sasa lilikuwa na maoni yake kuhusu kila shati.

Na matokeo? Alama za mitihani ya majaribio kwa mwalimu wake wa masomo ya ziada zilianza kushuka. Kabla ya sheria, Sindano alikuwa juu. Baada ya sheria, alishuka wiki hadi wiki kama soksi iliyolegea mpira.

"Ndiyo maana leo unakwenda kwa shangazi yako," alisema Mama Nyoosha, akilikung'uta koti kana kwamba ini lingedondoka. "Begi liko tayari. Mtihani ni Jumamosi. Siku hizi zilizobaki utakaa penye utulivu wa kweli. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshindo wenyewe ni mimi nikianguka kitini kwa usingizi," alisema Sindano. "Mama, kwa shangazi hata saa ya ukutani imetolewa betri kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Nitasomaje mahali ambapo saa yenyewe imefukuzwa?"

"Utasoma kwa macho, kama wenzako."

"Mimi nasoma kwa mkono. Ngoja nikueleze..."

"Eleza ukifuta."

"Siwezi kufuta bila pasi, na pasi umenikataza. Hicho ndicho ninachotaka kukueleza!"

Hapo mlangoni ikasikika sauti ambayo haikuhitaji kubisha hodi, maana ilifika kabla ya mwenyewe.

"Mabibi na mabwana! Anaingia sasa, mtu wenu, kipenzi chenu, asiye na koti!"

Kipaza alikuwa mshereheshaji wa harusi, mfupi, mnene, na sauti yake ilitosha ukumbi mzima hata umeme ukikatika. Mama Nyoosha alilirusha koti nyuma ya mgongo wake, akasimama wima kama mlinzi wa benki.

"Karibu, Kipaza. Koti lako bado kidogo."

"Bado vipi, Mama Nyoosha? Naliona hilo linaning'inia nyuma yako kama mkia."

"Lina... lina ini," alisema Mama Nyoosha. Kusema uongo hakukuwa miongoni mwa vipaji vyake. "Huyu binti yangu amekuchorea ini kwenye bitana. Kwa sabuni. Linafutika. Samahani sana, nalifuta sasa hivi, na leo hulipi kitu."

Kipaza alilichukua koti, akalifungua, akaliinua penye mwanga. Halafu akaanza kutikisika tumbo, kisha mabega, kisha kicheko kikatoka chote kwa pamoja.

"Na moyo pia! Mama Nyoosha, mke wangu amenitafutia moyo miaka yote hii, kumbe uko kwako!" Akamgeukia Sindano. "Umefanya nini, binti? Nieleze kabla mama yako hajakunyoosha."

Sindano akamtazama mama. Mama akatazama dari.

"Sema," alisema Mama Nyoosha. "Umeruhusiwa. Fupi."

"Koti ni mtu," alisema Sindano. "Lina mabega, mikono, kifua, mgongo. Nilikuwa nalifungua mezani, nachora ndani kile ninachosoma siku hiyo. Halafu naweka kitambaa kibichi juu, napitisha pasi, na kila pasi inapopita nasema jina la kitu na kazi yake. Nikisema sawa, sabuni inaingia kwenye kitambaa na mchoro unafutika. Nikikosea, nainua pasi, sifuti. Narudia mpaka nipate. Hakuna nguo iliyotoka hapa ikiwa na mchoro, mama. Hata moja. Shida ilianza ulipoiondoa pasi."

"Kwa hiyo nguo za watu zote..." alisema Mama Nyoosha taratibu. "Lile joho la mchungaji?"

"Mapafu."

"Suti ya meneja wa benki?"

"Utumbo mpana. Ulimkaa vizuri."

Kipaza aliketi kwenye kiti cha wateja ili apate mahali pa kuchekea.

"Na hili la leo?" aliuliza Mama Nyoosha.

"Hili nililichukua asubuhi ulipokwenda kuanika. Nikachora, nikakumbuka sina pasi. Nikabaki nalitazama. Ndipo ukaingia."

Mama Nyoosha alikuwa anahesabu kichwani, si pesa, bali wiki: lini meza ilitoka chumba cha nyuma, lini alama zilianza kuporomoka. Hesabu ilikuja sawa, na hakuipenda. Lakini hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kwa hesabu moja.

"Na mwaka jana je? Si ulipiga pasi hivyo hivyo ukakosa?"

"Mwaka jana nilikuwa napiga pasi, halafu nasoma nikiwa nimechoka. Mwaka huu kupiga pasi ndiko kusoma."

"Maneno matamu. Tuone kama yana kitu ndani." Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kitabu kinene, akakifungua kwenye picha ya kiwiliwili cha mtu. "Kipaza, una haraka?"

"Harusi ni alasiri. Na bibi harusi hajawahi kuwahi tangu harusi zianze."

"Basi vaa koti lako."

Kipaza hakuvaa tu. Yeye kila kitu kwake kilikuwa jukwaa. Aliligeuza koti, akavuta mikono ndani nje, akalivaa bitana likiwa juu, akafunga kifungo kimoja kwa taabu, akasimama mbele ya kioo cha wateja na viungo vyake vyote hadharani.

"Mabibi na mabwana," alinguruma, "tafadhali tusimame kumpokea mgeni rasmi... Ini!"

"Ini," alisema Sindano haraka, "kiungo kikubwa kuliko vyote ndani ya mwili, liko upande wa kulia, chini ya kiwambo cha kupumulia, linatengeneza nyongo, linahifadhi sukari, linaondoa sumu..."

"Simama hapo!" Mama Nyoosha alipigilia kidole kitabuni, kisha akakielekeza kifuani mwa Kipaza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamata mwizi na huku hakutaka awe mwizi. "Umesema kulia. Kitabu nacho kinasema kulia. Lakini umelichora kushoto! Tazama! Ini kushoto, moyo kulia! Mwanangu, mtu huyu uliyemchora hayupo. Huyu ni maiti!"

"Nisubirini niimalize harusi kwanza," alisema Kipaza.

Sindano hakushtuka. Hilo ndilo Mama Nyoosha alilolikumbuka baadaye, kwamba mtoto hakushtuka. Akiwa kwenye kile kiti cha chumba cha nyuma, swali dogo tu lilikuwa linamfanya atafune kucha. Hapa alitabasamu.

"Mama. Koti limevaliwa ndani nje."

"Naona. Nina macho."

"Ule mkono aliouvaa kulia, ni mkono gani wa koti?"

Mama Nyoosha alimsogelea Kipaza, akashika mkono wa koti, akauangalia mshono, akapeleka vidole kwenye mfuko mdogo wa kifuani ambao siku zote hukaa kushoto. Ulikuwa kulia. Maisha yake yote alikuwa akigeuza nguo za watu ndani nje ili asiziunguze, na kila siku akizirudisha, na kila siku mfuko wa kushoto ulikuwa ukihamia kulia mbele ya macho yake. Na leo, kwa ajili ya ini tu, akasahau ufundi wake mwenyewe.

"Kipaza," alisema, "geuza koti."

Kipaza akavua, akageuza, akavaa sawasawa, akalifungua kidogo kama muuza saa za magendo. Ini kulia. Moyo kushoto. Tumbo mahali pake.

Safari hii Mama Nyoosha alicheka. Alicheka mpaka akashika bega lake linalouma, akaketi juu ya kapu la nguo chafu, jambo ambalo mteja angelifanya angefukuzwa.

"Sawa," alisema akipangusa macho. "Sawa. Lakini sikiliza, mimi si mtu wa kudanganywa na kicheko. Jumamosi hutaingia ukumbini na pasi. Hawatakupa koti la mtu. Watakupa karatasi na kalamu. Utafanyaje?"

"Niulize bila koti."

Mama Nyoosha akasimama. Akamvua Kipaza koti, akalitupa juu ya kapu. Akaizima pasi, akaisogeza mbali. Akaiondoa hata sabuni mezani, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

"Damu imetoka mguuni, imechoka," alisema, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Inarudi moyoni. Ipeleke mpaka itoke tena."

Sindano alisimama mbele ya meza tupu ya pasi. Mkono wake wa kulia ulijikunja kidogo, kama unashika mpini usiokuwepo, ukaanza kuteleza polepole juu ya kitambaa cha meza. Damu ikaingia chumba cha juu cha kulia. Ikashuka chumba cha chini cha kulia. Ikatoka... mkono ukasita, ukarudi nyuma kidogo. "Hapana, nimepitiliza mlango wa moyo," alijiambia, akautaja mlango, kisha akaendelea: mapafuni, ikavuta hewa, ikarudi chumba cha juu cha kushoto, ikashuka cha chini, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa mkuu, na mkono ukapaa hewani ukaenda zake kichwani na miguuni. Alikuwa amefika mwisho, na Mama Nyoosha bado alikuwa anatafuta pa kugeuzia ukurasa.

"Yote ipo?" aliuliza Kipaza kwa sauti ndogo, ambayo kwa wengine ingekuwa sauti ya kawaida.

"Ipo," alisema Mama Nyoosha. "Hata ule mlango."

"Mimi," alisema Kipaza, "sijawahi kushika karatasi mbele ya watu. Kila jina la mgeni naliketisha kwenye kiti chake kichwani, halafu nazunguka ukumbi. Ukinikalisha chumbani na orodha, sikumbuki hata jina la bwana harusi."

Nje honi ikalia mara moja, fupi, yenye adabu. Shangazi alikuwa amefika.

Shangazi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kustaafu kwake kulihusu mshahara tu. Aliingia na mkoba wake mikononi, akawatazama mmoja mmoja kama mstari wa wachelewaji.

"Hamjambo. Wifi, mtoto yuko tayari? Chumba nimekisafisha, mapazia nimeyafunga. Hata jirani nimemwambia mbwa wake ampeleke kwa mama yake."

"Mama wa mbwa?" aliuliza Kipaza.

"Mama wa jirani."

Begi lilikuwa pale mlangoni, limefungwa zipu. Sindano alilitazama begi, akamtazama mama. Alisubiri tu, mkono wake bado uko juu ya meza.

Mama Nyoosha alijua vema alichokuwa anakaribia kukifanya. Wifi alikuwa amefunga mapazia. Wifi alikuwa amehamisha mbwa. Mambo kama hayo hukumbushwa kwenye misiba na harusi kwa miaka ishirini. Na tena, akimbakiza mtoto hapa na Jumamosi ikaharibika, lawama yote itakuwa yake, na hakutakuwa na mara ya tatu.

"Wifi," alisema, "mtoto haendi."

"Haendi?"

"Haendi. Nakushukuru kwa chumba, na kwa mbwa. Lakini huyu anasomea kwenye pasi, na mimi nimemnyang'anya pasi nikamlaumu kwa kusinzia."

"Wifi, mwaka jana wewe mwenyewe ulisema ni pasi iliyomwangusha!"

"Nilisema. Niliilaumu pasi kwa sababu pasi haijibu." Mama Nyoosha alikuwa tayari amepiga magoti. Zipu ikalia zzzp, na nguo zikaanza kutoka begini, moja moja, zikarudi rafuni. "Mtoto akikosa, nimekosa mimi, utanisema mpaka uchoke na nitakupikia chai ya kunisemea. Lakini kwa kimya chako atakosa hakika, na nimekwisha kuona."

Shangazi alisimama na midomo iliyobanwa. Ukweli ni kwamba hakuwa amezoea mtu kumpinga huku akitoa soksi begini.

"Na mimi nimefunga safari yote hii nije kufanya nini?"

"Kazi," alisema Mama Nyoosha, akampa kitabu. "Wewe umewauliza watoto wa watu maswali miaka yako yote. Sisi hapa muulizaji wetu ni Kipaza, na anakwenda harusini. Keti kwenye kile kiti. Ukiona amekosea, usimhurumie."

Shangazi alikitazama kitabu. Akaweka mkoba chini. Akatoa miwani.

"Sikuwahi kumhurumia mtu," alisema, akaketi.

"Vizuri. Sasa, Sindano, shika meza upande huo. Kipaza, wewe huku, una tumbo la kuegemeza. Inarudi chumba cha nyuma, palipo na mwanga. Moja, mbili!"

Meza ya pasi ilitoka barazani, ikakwama mlangoni, kama ilivyokwama siku ya kutolewa. Wakaiinamisha, ikakwama zaidi. Kipaza akatangaza kwamba mgeni rasmi amepatwa na dharura njiani. Shangazi, bila kuondoa macho kitabuni, akasema waigeuze miguu mbele, na meza ikapita. Kile kimeza cha kusomea kikasukumwa kando ya dirisha na kupewa kapu la nguo kulibeba. Redio ikafunguliwa, si kwa sauti kubwa.

Mama Nyoosha akaichomeka pasi, akangoja, akachovya kidole majini, akaigusa. Ikalia tsss. Akalowesha kitambaa, akakikamua, akalitandaza koti la Kipaza mezani, bitana juu. Kisha akavua aproni yake mwenyewe, akamfunga binti yake kiunoni kwa mafundo mawili, akampa mpini.

"Haya, daktari. Mwenye koti anasubiri. Anza na ini, na ukikosea, usifute."

Sindano akaishusha pasi juu ya kitambaa. Mvuke ukapanda.

"Ini," alisema Shangazi kutoka kiti alichokisogeza mlangoni, kwa sauti iliyowahi kutetemesha madarasa. "Liko upande gani?"

Mama Nyoosha akaliangalia koti, kwanza kuhakikisha limelala vipi, ndipo akatulia kusikiliza jibu.